Mkono wa Kushoto

Binti Radi wa kwanza alisimama kama mgambo kwenye gwaride:
miguu sambamba, mabega sawa,
ungo wa kudakia radi umebanwa kwapani
kama daftari la mahudhurio.
Nilimweka dirishani. Mvua ya Tukuyu ikampita
bila hata kumsalimu.

Mama, aliyezaliwa Ikombe kwenye vyungu,
alimgeuza mara moja, akamrudisha.
"Chungu husimama hivi," alisema,
"kwa sababu chungu hakina safari."

Basi nikamvunja. Nikaomba kwa fundi Ambwene
waya wa breki uliokatika,
nikakunja uti wa mgongo kabla ya yote,
mstari mmoja, kutoka kisigino hadi ncha ya kidole,
kama mgomba ulioelemewa na mkungu.
Nikauzungushia uzi wa kiroba,
maana udongo hunywea na waya haunywei,
na wasipoelewana, goti hupasuka usiku.

Wa pili alianguka. Wa tatu akaanguka.
Wa nne alisimama, lakini alikuwa anadanganya:
mguu mmoja hewani, na nyonga imelala
kama ya mtu anayesubiri chenji.

Nikaenda kutazama watu.
Katumba, kwenye chai, Atuganile
huchuma kwa mikono miwili na kurusha nyuma
bila kugeuka, na majani hujua lilipo tenga.
Bega hutangulia. Kiwiko huchelewa kidogo.
Vidole ndivyo vya mwisho kupata habari.
Niliandika hilo kwenye boksi la kiberiti.
Kwenye ujenzi wa zahanati, kijana alirusha tofali juu,
na kabla ya kurusha, alishuka.
Alishuka! Goti zima.
Nami miaka yote nilikuwa nafinyanga
tofali likiwa tayari limefika.

Halafu Jumanne ile.
Tumpe anatoka bombani, ndoo kichwani,
njia ya nyuma, kwenye utelezi.
Kisigino kikaondoka peke yake.
Nyonga ikaenda upande wa Rungwe, kifua kikabaki,
shingo bado inaitunza ndoo
kwa adabu, kama haijaambiwa.
Nami nilikuwa hatua tatu tu,
mikono mitupu,
nikihesabu.

Ndoo ilipasuka. Kifundo cha mguu kikavimba
kama kiazi cha Isongole.
Sikumwambia mtu kwamba niliona uzuri.

Usiku ule udongo ulinitii.
Uzito wote kwenye unyayo mmoja, ukingo wake wa nje;
mabega yakibishana na kiuno;
kanga ikichelewa nyuma ya paja;
ungo juu, umeinama, radi haijafika.
Haijafika. Hapo ndipo penyewe.
Nikamzungusha kwenye kibao:
kila upande alikuwa njiani.

Asubuhi Tumpe alikuja akichechemea,
akanywa chai yake yote kwanza.
Akamtazama kwa kisogo, kwa ubavu, kwa chini.
"Ni mimi," alisema.
Nikanyamaza.
"Mguu umepatia. Hata shingo umepatia.
Mkono wa kushoto umekosea."
Nilikuwa nimeupeleka nyuma, wa kusawazisha,
kama mkia wa paka juu ya ukuta; ndivyo mizani inavyotaka.
"Haukuwa nyuma. Ulikuwa mbele."
Akaunyoosha wa kwake, vidole wazi,
hadi karibu na kifua changu.
"Ulikuwa unakutafuta wewe."

Udongo ulikuwa umeanza kukakamaa.
Nikaulowesha kwa kitambaa, nikakata begani,
nikausogeza mbele, na hapo hapo
Binti Radi akataka kulala kifudifudi.
Ikabidi nifunge jiwe nyuma ya kibao.

Sasa yuko dukani kwa Mwaisaka, kati ya mishumaa na sukari.
Watoto hubishana: anarusha? anadaka? anaita?
Wakiniona, huniuliza mimi.
Mimi husimama pale mkono unapoelekea,
hatua tatu,
nikanunua chumvi.